Vikombe Tisa Vilivyosahihishwa

Jambo la kwanza lililomuudhi Bi Kandida Kapinga kuhusu kompyuta mpakato mpya ni wepesi wake. Aliinyanyua kwa mikono miwili na kukaza kiuno, kama alivyozoea kuinyanyua ile ya zamani, nusura airushe darini. Kwa maoni yake kitu cha kazi kinatakiwa kiwe na uzito wa kazi. Hiki kilikuwa chepesi kama sahani ya plastiki, tena kilinuka upya, kama viatu siku ya kwanza ya shule.

"Hii ndiyo ile waliyosema inafanya kazi ya watu watatu?" akauliza. "Mbona watu wenyewe wamekonda?"

Filemoni Hyera, meneja wa maabara ya kuonjea kahawa ya ushirika hapo Mbinga, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kushukuriwa. Alikuwa ameipigania mashine hiyo miaka miwili, kikao kwa kikao.

"Shangazi, acha maneno. Bonyeza."

Hakuwa mpwa wake wa damu. Ila Bi Kandida alikuwa mwonjaji mkuu wa pale tangu Filemoni akiwa mwanafunzi wa sekondari, na kila aliyepitia mikononi mwake alimwita shangazi, apende asipende.

Akabonyeza. Mashine ya zamani, aliyoiita Mzee, ilikuwa ukishaiwasha unakwenda kubandika chai, unarudi, ndiyo kwanza inaguna. Ilinguruma kama mashine ya kusaga, na herufi zake zilikuwa zimefutika hata ilibidi vidole vijikumbukie njia vyenyewe. Hii mpya iliwaka kimya. Vibonye vyake vilikuwa laini, ukivigusa vinakubali bila kulalamika. Ubavuni kikajitokeza kisahani chembamba cha kunusia sampuli, ambacho kwa Mzee kilikuwa kisanduku kizima kilichofungwa kwa mpira. Bi Kandida hakutaka kuipenda haraka namna ile, lakini alijikuta anapapasa ukingo wake kama mtu anayepima kitenge dukani.

"Shikamoo, Bi Kandida," mashine ikasema.

"Marahaba. Una umri gani wewe?"

"Dakika nne."

"Basi umelelewa vizuri. Nina wafanyakazi wa miaka thelathini hawajui kuamkia."

Filemoni akacheka, maana alijua analengwa.

"Kabla hatujaanza kazi," mashine ikaendelea, "nimepokea hati ya makabidhiano kutoka kwa mashine iliyonitangulia. Sheria inataka uisome ukiwa peke yako."

"Mimi huyoo," Filemoni akasema, akafunga mlango nyuma yake.

Hati yenyewe haikumshangaza. Katika ofisi za serikali na za ushirika hakuna aliyewahi kuacha kiti bila kuandika hati: funguo hizi, majalada haya, viporo ni hivi. Mashine zilipoanza kujibu barua na kujaza fomu kwa niaba ya mabosi wao, sheria ikaziingiza nazo kwenye utaratibu huohuo. Mashine ikistaafu, inaiandikia inayoifuata kila jambo ililolifanya kwa jina la bosi bila bosi kuagiza. Kwa kawaida huwa ni mambo ya kipuuzi, kama salamu za sikukuu kwa mtu ambaye bosi hampendi. Bi Kandida akavaa miwani, akijiandaa kucheka.

*

"Nimemtumikia Bi Kandida Kapinga miaka kumi na moja," Mzee alikuwa ameandika. "Nakabidhi yafuatayo. Misimu mitatu iliyopita bosi aliugua mafua makali akalazwa siku kumi na mbili. Aliporudi kazini pua yake haikurudi yote. Yeye hakujua. Mimi nilijua kwa sababu alama zake zilianza kuyumba. Nilikuwa na kumbukumbu za miaka minane ya ulimi wake ukiwa mzima, hivyo niliweza kukadiria kila kahawa angeisemaje. Kuanzia hapo ameonja vikombe elfu moja mia moja na arobaini. Mia mbili na kumi na viwili nimevisahihisha kabla ya kugonga muhuri. Sikuagizwa na mtu. Nilimhurumia, kama neno hilo mashine inaruhusiwa kulitumia."

Chini yake kulikuwa na vibonye viwili. Kimoja kiliandikwa IENDELEE, kingine ISIENDELEE.

Bi Kandida akasoma mara ya pili, polepole, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akakumbuka maharage aliyoyapika msimu uliopita, dada yake akasema yana chumvi ya kuponyea kidonda, naye akanuna wiki nzima. Akakumbuka namna alivyokuwa akiwafundisha vijana, akiwatambia kwamba pua yake inajua mvua ilinyesha siku gani shambani.

Na muhuri wake ndio uliokuwa ukiuza. Mashine za kunusa zilikuwa zimejaa dunia nzima wakati huo, hata wauza samaki walikuwa nazo. Ndiyo maana wanunuzi wa ng'ambo waligeuka wakasema wao wanataka kahawa iliyopita kwenye ulimi wa mtu aliye hai, anayeweza kuulizwa. Mashine iandike, ihifadhi, ihesabu, lakini atakayesema hii ni tamu ama si tamu awe binadamu. Vyama vya msingi kumi na vinne vya milimani viliuza kahawa kwa muhuri wa ulimi wa Kandida Kapinga.

"Nani mwingine anaijua hati hii?"

"Hakuna," mashine ikajibu. "Ukichagua iendelee, nitasahihisha kama yeye alivyosahihisha. Nimekabidhiwa ulimi wako wa zamani wote."

"Alikuwa anasahihisha vizuri?"

"Alihifadhi harufu ya kila kikombe, na mimi naisoma kwa undani kuliko yeye. Nimevipitia vyote. Mia mbili na vitatu alikuwa sahihi, wewe umekosea." Ikaongeza: "Vikombe tisa yeye alikosea, wewe ulikuwa sahihi. Vyote tisa vinatoka shamba moja."

Bi Kandida akaivua miwani. "La nani?"

"Kwenye meza ya kuonjea jina halitajwi. Ila lipo kwenye waraka wa kwanza unaosubiri sahihi yako leo."

Waraka ukafunguka. Kilikuwa kibali cha kung'oa mibuni, cha Walburga Turuka, mkulima wa milimani. Mibuni mia tatu na hamsini ing'olewe, yapandwe maparachichi. Sababu: kahawa yake imepata daraja la mwisho misimu mitatu mfululizo. Kilibaki kuthibitishwa na mwonjaji mkuu. Na mwenyewe Walburga, Bi Kandida alikuwa amempita kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi, kikapu mapajani, akisubiri karatasi yake.

"Niambie alikosea vipi."

"Afadhali usikie," mashine ikasema. "Alihifadhi na sauti."

Ikasikika sauti yake mwenyewe, ya misimu mitatu nyuma, bado ina ukwaruzo wa mafua. Kwanza mvumo wa kijiko kikifyonzwa kwa nguvu. Kisha akacheka, kicheko cha msichana. "Ee! Hiki nini? Ukwaju? Hapana. Kama ukwaju umekaa na asali… Jamani, sijui hiki ni nini, lakini andika themanini na tisa. Andika tisini kasoro moja, nisije nikaambiwa nimerogwa."

"Mzee akaandika sabini na moja," mashine ikasema. "Harufu ilikuwa na chachu. Ulimi wako wa zamani haukuwahi kukutana na ladha hiyo hata siku moja, na kila uliponusa chachu ulisema kahawa imeharibika. Kwa hiyo akaamini kwamba Kandida mzima angesema imeharibika."

Nini kilimzuia yeye kugundua? Hakuna kilichomzuia. Katika maabara ile sampuli huingia kwa namba, na mwonjaji akishasema alama, karatasi hufudikizwa, haitazamwi tena, asije kikombe cha leo akakionjea alama ya jana. Utaratibu huo aliuweka yeye mwenyewe, na aliusimamia kwa ukali uliowatoa wengine machozi. Mwenye kufudikiza karatasi hajui kilichoandikwa upande wa pili.

*

Filemoni alipoitwa na kuonyeshwa hati, alikaa kwenye kiti bila kuangalia kama kipo.

"Shangazi," akasema, "mwingine akiniuliza, mimi hii sijaisoma."

"Umeisoma."

"Nisikilize basi. Kibali cha huyu mama kikatae. Sema udongo wake haujapimwa, sema lolote. Msimu ujao kahawa yake ipate daraja lake halali, mambo yaishe. Halafu bonyeza iendelee."

"Kwa hiyo niendelee kudanganya."

"Umemdanganya nani?" Filemoni alikuwa anasema kwa uchungu, si kwa ujanja. "Vikombe mia mbili na vitatu vilipata haki yake. Ukisema leo, wanunuzi watatilia shaka kahawa ya misimu mitatu ya vyama kumi na vinne. Watu hawajakosa chochote, unataka waamke kesho waambiwe kahawa yenu haijulikani ilionjwa na nani. Utajisikia safi wewe, wao je?"

Filemoni alikuwa amesema kweli. Bi Kandida akaigeukia mashine. "Na wewe unaonaje?"

"Nina umri wa dakika hamsini," mashine ikasema. "Ningependa kwanza nikuone ukionja."

Wazo lile lilimtia hofu, naye akajua ndilo alilokuwa akilikwepa. Akatoa kwenye kabati makopo matatu ya sampuli za akiba, moja la Walburga na mawili ya wengine, akampa Filemoni akaange na kusaga, kisha aandike alama chini ya vikombe bila kumwambia kipi ni cha nani. Maji yakachemka. Vikombe vitatu vikapangwa. Akasubiri povu litulie, akalivunja kwa kijiko, akainama.

Kikombe cha kwanza hakikumwambia kitu. Alifyonza, akazungusha, akatema kwenye ndoo, akafyonza tena. Alijua kilitakiwa kuwa na kitu, kama mtu anayejua jina la jirani yake lakini halimjii. Macho yakamlenga machozi. Huo ndio ulikuwa ukweli, na sasa alikuwa ameuonja mwenyewe.

Cha pili akakibahatisha.

Cha tatu kikamrukia. Ukwaju, asali, na kwa mbali kabisa kitu cha joto kama uji wa ulezi unaoanza kuchachuka, vyote vikifuatana bila kusukumana. Hata ile pua iliyobaki nusu ilisimama ikasalimia.

"Hiki," akasema. "Hiki ni chake."

Filemoni akatazama chini ya kikombe, akaitikia kwa kichwa.

Bi Kandida akakaa. Ilimjia polepole, na ilipofika ilikuwa wazi kabisa. Yule Kandida waliyekuwa wanataka aendelee kuonja alikuwa na miaka minane ya kumbukumbu lakini hakuwa na hata siku moja ya kesho. Alikuwa hodari, hakuna ubishi. Lakini kila kitu kipya kitakachopanda meza ile, leo cha Walburga, mwakani cha mwingine, angekiita uchafu, kisha angekigongea muhuri kwa jina lake yeye aliye hai. Naye angekuwa amekaa pembeni anafudikiza karatasi.

"Filemoni, mwanangu, wasiwasi wako una haki," akasema. "Harufu zote zimehifadhiwa, na sampuli za akiba zipo kabatini. Tutawapa wanunuzi vikombe vyote mia mbili na kumi na viwili, kimoja kimoja, alama yangu na alama ya Mzee, waje na waonjaji wao wavipime. Mkulima hatapoteza kitu vikombe hivyo vikionekana wazi. Vikifichwa ndipo siku vikifumka hatuna pa kukimbilia."

"Na muhuri wako?"

"Watauchukua." Miaka kumi na tisa si mchezo. "Nitabaki kuwafundisha ninyi kufyonza. Mnafyonza kama mnaogopa kuamsha mtoto."

Akapiga moyo konde, akabonyeza ISIENDELEE. Kisha akaitamkia mashine barua ya kwenda bodi ya kahawa, mistari saba tu, bila kujitetea. Mashine ikamsomea. Alikuwa amesema "ulimi wangu umepungua", nayo ikawa imeandika hivyohivyo, bila kupaka sukari wala kupunguza neno.

"Nitume?"

"Tuma."

Ilikuwa barua ya kwanza kutumwa na mpakato ule, na ilikwenda kabla hajamaliza kukunja miwani.

*

Walburga Turuka aliingia na kikapu chake, akakataa kiti. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mabega mapana ya kuchimba ngoro, yale mashimo ya kilimo cha kwenye miteremko.

"Shikamoo, dada," Bi Kandida akamwamkia.

"Marahaba. Nipe karatasi yangu niwahi. Kijana wangu Yustasi yuko shambani na mtambo, ananisubiri mimi tu." Mtambo wenyewe ulikuwa ule wa miguu sita, uliokuwa ukipanda milima kama mbuzi na kung'oa visiki kama mtu anayechuma mchicha.

"Dada, kwanza nikuulize. Kahawa yako ukishaimenya unailoweka wapi?"

Uso wa Walburga ukafunga. "Nani amekwambia?"

"Sijaambiwa. Nimeonja."

"Tangi la saruji lilipasuka," Walburga akasema, akitazama dirishani. "Nikatumia pipa langu la zamani la kupikia komoni, ile pombe ya kienyeji. Nililiosha."

"Uliliosha sana?"

"Nililiosha… kiasi."

Filemoni akakohoa kuficha kicheko. Bi Kandida hakucheka. Akamweleza yote, tangu mafua mpaka vikombe tisa, kwa maneno mepesi na bila kuzunguka. Walburga akasikiliza bila kupepesa.

"Ngoja nielewe," akasema mwishowe. "Misimu mitatu nasimama mkutanoni nasomewa daraja la mwisho. Wanawake wenzangu wa jumuiya wananiambia kahawa imenishinda, nirudi kwenye pombe. Nimelia mimi, nyumbani kwangu, peke yangu. Na wewe siku ile ulikuwa umeipenda?"

"Niliipenda kuliko zote."

"Kwa nini hukuangalia walichoandika?"

"Kwa sababu tulizoea kutoangalia," Bi Kandida akasema. "Sina sababu nyingine. Nisamehe."

Walburga alikuwa anapumua kwa pua, kikapu amekikumbatia kama anataka kukirusha.

"Umewahi kuionja mwenyewe?" Bi Kandida akauliza.

"Mimi nakunywa chai. Huku nani anakunywa kahawa? Tunailima."

Bi Kandida akamimina kahawa ya kikombe cha tatu kwenye kikombe safi, ikiwa bado na joto, akamsogezea. Walburga akakitazama kwa muda kama kinamdai jibu. Akakaa, kwa mara ya kwanza. Akanywa funda dogo, kwa adabu, kisha nyusi zikapanda. Akanywa la pili kwa sauti, mdomo wazi, bila mtu kumfundisha. Filemoni akamtazama shangazi yake, na shangazi akamwashiria anyamaze.

"Hii ni yangu?" Walburga akauliza kwa sauti ndogo.

"Yako."

"Ya kwenye lile pipa?"

"Ya kwenye lile pipa. Na tafadhali usilioshe zaidi ya hapo."

Walburga akaweka kikombe chini, na mara uso ukamharibika. "Mibuni arobaini nimeikata jana," akasema. "Kwa panga. Nilikuwa na hasira, sikutaka kusubiri kibali."

Bi Kandida akamgeukia. "Umekata au umeng'oa?"

"Nimekata. Visiki vipo. Mtambo ndio uving'oe."

"Basi haijafa, dada!" Alijikuta amemshika mkono. "Mbuni ukikatwa unachipua. Mvua mbili tu utaona machipukizi. Ila visiki visiguswe."

Walburga akanyofoa mkono wake. Akachakura kikapuni, akatoa simu iliyofungwa kwenye kitambaa, akapiga. Kabla hata hajasema haloo, ngurumo ya mtambo ilijaza chumba, na nyuma yake sauti ya mwanamume ikipiga kelele kwamba amechoka kungoja, anaanza na vile visiki vya chini.

"Yustasi!" Walburga akafoka hata vijiko vikalia mezani. "Zima! Nasema zima, usiguse hata jani! Mwenye shamba ni nani, mimi au wewe?"

Ngurumo ikaendelea kidogo. Kisha ikashuka, ikakohoa mara mbili, ikakata. Kwenye simu ukabaki upepo wa mlimani na Yustasi akiuliza kuna nini, mama, kuna nini, bila kupata jibu.

Walburga akakata simu, akaikunja tena kwenye kitambaa chake. Akakisukuma kikombe kuvuka meza, hadi kikagusa ukingo wa ile mashine mpya.

"Sijakusamehe bado," akamwambia Bi Kandida. "Mimina nyingine."